Ukungu Ulioibwa Bustani ya Ndege

Mkuu wa kituo aliisoma taarifa, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai yake, akaisoma tena. Kisha akamtazama Inspekta kwa jicho la mtu anayetafuta wa kumlaumu.

"Wameiba ukungu," alisema.

Inspekta alichungulia dirishani. Asubuhi ilikuwa nyeupe kama maziwa. Hata geti la kituo halikuonekana. "Mkuu, mbona bado upo?"

"Si huo! Ukungu wa kwenye chupa. Ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Pale bustani ya ndege kuna daktari anaufuga, sasa unapungua, na anasema kuna mkono wa mtu. Meneja wake amepiga simu mara tatu. Nenda kabla hajapiga ya nne."

"Mtu anafuga ukungu kwa hiari yake?"

"Mimi niulize habari za wezi wa ng'ombe. Nenda."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Bwana Pole. Alikuwa mtu mnene, mzito wa kunyanyuka, na kila mahojiano aliyaanza kwa kusema "pole" kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Washukiwa wengi walikuwa hawajawahi kupewa pole na askari maisha yao yote. Wengine walilia. Wengine walikiri mambo ambayo hakuyauliza. Kwa hiyo mkuu wake alimvumilia, ingawa alimpa kesi ambazo wenzake wangezicheka.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekijua pale kituoni: Bwana Pole alikuwa anaogopa ndege. Si kwa mbali. Kwa mbali ndege ni mapambo. Ila ukimsogezea mdomo mgumu na jicho lile lisilopepesa, moyo wake ulikuwa unaanza kwenda mbio.

Meneja wa bustani alimpokea getini, mtu mwembamba mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka ikakata, akampitisha haraka kama anayeficha mgeni.

"Mimi nimeshachukua hatua," alisema. "Mlinzi wa geti nimemsimamisha. Yuko kwenye kibanda chake anakusanya vitu vyake."

"Ndiye aliyeiba?"

"Geti ni lake. Kikiibwa kitu, kimepita kwake."

"Na wewe ulipita wapi leo asubuhi?"

Meneja alinyoosha kidole kuelekea maabara.

Maabara ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya spiriti na wali uliolala. Mezani kulikuwa na darubini, na nyuma ya darubini kulikuwa na mwanamke aliyevaa koti jeupe, amekunja mgongo, jicho moja ndani ya lenzi. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na hotipoti ya maua mekundu iliyofunikwa. Inspekta alikohoa. Akakohoa tena. Akaangusha kofia yake kwa makusudi.

"Weka hapo, nitakula baadaye," alisema yule mwanamke bila kuinua kichwa.

"Daktari, pole. Mimi ni polisi."

Akaruka. Alikuwa na duara jekundu kuzunguka jicho, alama ya lenzi, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Afadhali umekuja. Tazama." Akafungua kabati. Ndani kulikuwa na chupa za kioo zimejaa wali uliopikwa, na juu ya wali umetanda ukungu mweupe laini kama pamba. Chupa mbili zilikuwa zimechotwa hadi nusu. "Hizi nilizijaza mwenyewe. Kila wiki naona zimeshuka. Kufuli halijavunjwa, usiku ninalala na ufunguo shingoni, na mchana kabati likiwa wazi niko humu humu."

"Mchana uko humu, na mtu anachota mbele yako?"

"Haiwezekani. Ningemwona."

Inspekta alimtazama, akaitazama darubini, akaikumbuka kofia yake sakafuni.

"Huu ukungu una kazi gani?"

Hapo Daktari akachangamka. Alivuta kiti, akamkalisha, akaanza kueleza kwa mikono miwili.

"Ndege ana minyoo tumboni. Minyoo inataga. Mayai yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye udongo wa banda, yanakomaa. Ndege anadonoa udongo, anayameza, mchezo unaanza upya. Dawa za vidonge tumewapa miaka yote, na minyoo imeshazizoea. Inazimeza kama peremende."

"Sasa ukungu?"

"Tunauchanganya na chakula. Mbegu zake zinapita tumboni salama, zinatoka na kinyesi. Humo zinaota. Zinalikuta yai la mnyoo, zinalitoboa, zinaingia ndani, zinamla mtoto kabla hajazaliwa. Ndege akidonoa tena, hakuna cha kumwambukiza. Tumboni wanabaki minyoo wazee wasio na warithi, nao siku yao inafika."

Inspekta alijisikia kuionea minyoo huruma kidogo, akajikaza. "Basi mwizi amekuibia askari wako."

"Angeniibia tu ningenyamaza!" Sauti ya Daktari ilipasuka. "Nina mabanda matatu. La kwanza tausi, wanapewa ukungu. La pili tausi, hawapewi chochote, ili nipate kulinganisha. La tatu kanga, nao hawapewi, zamu yao bado. Sasa banda la kwanza minyoo imekwisha, vizuri. Na banda la pili nalo minyoo imekwisha! Ndege ambao hawakupewa kitu wamepona. Unajua maana yake?"

"Hongera?"

"Maana yake nimeharibiwa kazi! Meneja anasema ni jua kali la miezi hii ndilo lililoua minyoo, na ukungu wangu haufanyi lolote. Mchana huu wanakuja wakaguzi. Atawaambia hivyo, mradi utafungwa, tutarudi kwenye vidonge, na mwakani tausi watakufa mmoja mmoja kama walivyokuwa wanakufa. Kuna mtu amewalisha banda la pili ili kunimaliza. Na mimi namjua. Muuza dawa wa ng'ambo ya barabara. Wiki mbili hizi anazunguka kwenye uzio wangu kama fisi."

Katika kazi yake Bwana Pole alikuwa amewakamata watu kwa kuua, kuiba, kuchoma na kughushi. Kukamata mtu kwa kosa la kuponya wagonjwa ilikuwa mara yake ya kwanza.

Alikwenda kwenye mabanda peke yake, amekunja mikono kifuani ili isidonolewe. Tausi wa banda la pili walipomwona, walikuja mbio kwenye uzio, mikia inaburuta nyuma kama mashela ya maharusi. Hawakuja popote tu. Walijipanga pale pale kwenye kona moja, wakanyoosha shingo, wakamtazama mikono.

"Sina kitu," aliwaambia. "Haki ya nani, sina."

Kwenye kona ile, upande wa nje wa uzio, kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa. Juu yake mtu alikuwa ameweka kipande cha godoro kilichokunjwa vizuri. Chini, kwenye majani, Inspekta aliona maganda ya ndizi, makavu kwa mabichi. Akajikaza, akaingiza kidole kwenye waya, akachomoa punje moja ya wali yenye manyoya meupe iliyokwama na kibonge cha ndizi iliyopondwa. Tausi mmoja akamdonoa kidole. Alipiga kelele ambayo baadaye alishukuru hakuna binadamu aliyeisikia.

Alikaa juu ya ndoo kufikiri, akinyonya kidole. Ndoo ilikuwa nzuri. Godoro lilikuwa laini, na uzio ulikuwa mahali pazuri pa kuegemea bega. Na hapo ndipo jambo likaanza kumsumbua. Mwizi huja ameinama, hutupa anachotupa, hukimbia. Mwizi gani huja na mto wa kukalia? Mwizi gani huponda ndizi? Huyu alikuwa anakaa. Alikuwa na magoti yanayouma na muda wa kupoteza.

Alinyanyuka akatazama banda la tatu. Kanga, wenye madoa yao na vichwa vyao vya upara, walikuwa wamejazana upande wa mbali wakimtazama kwa dharau. Mbele ya banda lao hapakuwa na ndoo. Hapakuwa na ganda hata moja.

Muuza dawa alikuwa na kibanda chenye bango kubwa: MINYOO KWISHA. Alipoona sare za polisi alianza kupanga upya makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Pole," alisema Inspekta.

"Ya nini?" Muuza dawa aliweka kopo chini.

"Umeonekana kwenye uzio wa bustani. Mara nyingi."

"Napunga upepo."

"Upepo wa banda la ndege?"

"Mzee, kila mtu na pua yake."

Inspekta aliegemea kaunta, ikalia. "Kaka, ukungu ule ukifanikiwa, wewe utauza nini? Una sababu ya kuuharibu. Kuna mlinzi amesimamishwa kazi, ana watoto. Naomba uniambie ukweli kabla sijafunga kibanda hiki nikaanza kuhesabu vidonge."

Muuza dawa aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akashusha sauti mpaka Inspekta akalazimika kuinama.

"Nina kuku nyumbani."

"Ehe."

"Wana minyoo."

Inspekta alitazama bango juu ya kichwa chake. Muuza dawa naye akalitazama, kwa uchungu.

"Nimewapa vidonge hivi hivi. Nikawapa vya bei ya juu. Nimewapa hata vya farasi, nimeponda! Mke wangu ananicheka, shemeji zangu wakija wanauliza hali ya kuku kabla hawajanisalimu. Nikasikia kuna ukungu. Nilikuwa nataka kumwomba Daktari kijiko kimoja tu, ila kila nikifika kwenye uzio aibu inanirudisha. Nitamwambiaje mimi, na bango hili?"

"Kwa hiyo hukuiba?"

"Ningeiba, kuku wangu wangekuwa wazima! Njoo nyumbani uwaone wanavyotia huruma."

Inspekta aliamini. Mtu huweza kudanganya juu ya mambo mengi, ila hakuna mwanamume atakayezua kwamba shemeji zake wanamcheka.

"Umekaa pale kwenye uzio," alisema. "Hukuwahi kumwona mtu kwenye ndoo?"

"Mimi naendaga asubuhi, watu wakiwa wachache. Ndoo nimeiona. Mwenyewe sijamwona."

Akarudi getini. Mlinzi alikuwa kwenye kibanda chake anafunga redio yake ndogo ndani ya shuka. Wafanyakazi walimwita Macho Kumi, na yeye alilichukulia jina hilo kama cheo.

"Pole, ndugu yangu."

"Afande, pole yako imechelewa, ila nimeipokea." Macho Kumi alikaa juu ya shuka lake. "Miaka yote niliyokaa hapa hajapita hata panya bila mimi kujua. Leo naambiwa mwizi!"

"Nani anaingia eneo la maabara mchana?"

"Daktari. Meneja, mara moja moja, akiwa na wageni. Basi."

"Hakuna mtu mwingine?"

"Hakuna mtu."

"Una hakika?"

"Naapa mbele yako. Hakuna mtu."

"Kuna kelele zozote umewahi kusikia?"

"Kelele za kanga tu. Kila mchana, wakati wa chakula, wanapiga makelele kama wamemwagiwa maji ya moto. Kisha wananyamaza. Sijui wana ugomvi na nani."

Inspekta aligeuka kuyatazama mabanda. "Wakati wa chakula. Na Daktari chakula anakula nini? Nimeona hotipoti dirishani."

"Anacholetewa na Mama."

"Mama gani?"

"Mama yake. Anakuja kila siku na kikapu. Anamwekea chakula, anakaa kidogo, anarudi."

"Macho Kumi," alisema Inspekta polepole. "Nimekuuliza kama kuna mtu mwingine anaingia. Ukaapa."

Mlinzi alimshangaa kwa dhati. "Afande, umeniuliza mtu. Mama si mtu. Mama ni mama!"

Inspekta alimwambia afungue shuka lake, arudishe redio mahali pake.

Mama alifika wakati wa chakula, kama kawaida, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha samawati na kikapu mkononi. Alipopita mbele ya banda la tatu, kanga waliripuka. Alisimama, akawasonya msonyo mrefu uliotoka mbali, akaendelea na safari. Inspekta, aliyekuwa amejibanza nyuma ya tangi la maji, alimfuata mpaka maabara. Humo Daktari alikuwa kwenye darubini, na Meneja kwenye kioo cha dirisha la mbali, amewapa mgongo, akirekebisha tai kwa ajili ya wakaguzi.

"Mwanangu, chakula."

"Weka hapo, Mama."

Mama aliweka hotipoti mpya, akachukua ya jana, akaguna alipoona bado imejaa. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa, akachota wali mweupe wenye manyoya kwa kiganja chake, akautia kwenye mfuko wa nailoni. Hakunyata. Hakuangalia nyuma. Mwanawe alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, jicho lenzini, na hakutikisika.

"Shikamoo, Mama," alisema Inspekta mlangoni. "Na pole."

"Marahaba, baba. Nani amefariki?"

Daktari aliinua kichwa. Aliiona chupa, akauona mfuko, akamwona mama yake.

"Mama! Ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Unaniibia ukungu wangu?"

"Naiba!" Mama aliweka mkono kiunoni. "Kabati la mtoto niliyemzaa, nikifungua ni wizi? Hebu niambieni, wenye elimu. Watoto wa nyumba moja, hawa unawapa dawa, wale unawaangalia tu wanakonda. Nilimkuta tausi wa banda la pili amelala kama kitambaa. Nikakwambia, mwanangu, mbona hawa huwapi? Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu..." Daktari alijaribu kukumbuka.

"Ulinijibu 'weka hapo'. Basi nikaamua mwenyewe. Nawapondea na ndizi, wanakula vizuri, wamependeza. Mtu akiponya ndege siku hizi anaitiwa polisi?"

Meneja alicheka kicheko kifupi, cha puani. "Kwa hiyo utafiti umekwisha. Hakuna cha kulinganisha. Wakaguzi nitawaambia ukweli: mabanda yote mawili ya tausi yamepona, na jua ndilo lililofanya kazi. Inspekta, mpeleke huyu mama kituoni."

"Mama yangu haendi popote!" Daktari alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo, ya hasira na ya uchovu. "Mama, ilikuwa kazi ya miaka miwili. Tausi wakifa mwakani utawapondea ndizi gani?"

Hapo ndipo Mama alipoelewa kwamba amefanya kitu. Alikaa chini taratibu, mfuko mkononi, kilemba kimeinama. Huko nje kanga walisikika bado wakilalamika.

"Nina swali moja," alisema Inspekta. "Mama, kanga hukuwapa?"

Mama alinyanyua uso. "Wale? Wale nisingewapa hata maji ya kunawia. Walinikimbiza siku ya kwanza tu, wakaniangushia kikapu, mmoja akanidonoa hapa." Alionyesha mguu. Inspekta alimwonyesha kidole chake. Walitazamana kama majeruhi wa vita moja.

"Hata punje?"

"Hata harufu!"

"Daktari," alisema Inspekta, "kanga wako wana minyoo?"

Daktari alifuta macho kwa mkono wa koti. "Wamejaa. Nimewapima leo asubuhi. Wamejaa tele."

"Na jua linalowapiga kanga ni jipi? Lina tofauti na la tausi?"

Meneja aliacha kushika tai. Daktari alisimama na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi. Akageukia darubini, akageukia dirisha, akamgeukia mama yake, na sauti yake iliporudi ilikuwa nyingine kabisa.

"Mama. Ulianza lini kuwapa?"

"Mwezi ule wa harusi ya binamu yako."

"Kila siku?"

"Isipokuwa siku nilizougua mafua."

"Kiganja kimoja? Ukubwa huu huu?"

"Mkono wangu haujabadilika, mwanangu."

"Nina vipimo vyao vya kabla ya harusi! Walikuwa wamejaa minyoo." Daktari alianza kutembea huku na huku, akigonga viti. "Banda la pili lilikuwa gonjwa, likapewa, likapona. Kanga walikuwa wagonjwa, hawakupewa, bado wagonjwa, jua lile lile, udongo ule ule. Wakija wakaguzi nitawaeleza yote kama yalivyotokea. Wataniambia nirudie, na kanga si tausi, najua, nitarudia. Ila kufunga hawawezi! Meneja, jua lako limeshindwa na kanga!"

Meneja alisema anakwenda kuwasubiri wageni getini.

"Ukifika," alisema Inspekta, "mwombe mlinzi radhi kwanza. Yupo, redio yake imewaka."

Hakufungua kesi. Daktari alisema hana malalamiko, na Inspekta hakujua angemwelezaje mkuu wake kosa lenyewe. Alimnong'oneza tu Daktari kwamba ng'ambo ya barabara kuna mtu ana kuku wagonjwa na aibu kubwa, ampelekee kijiko kimoja siku atakayopata nafasi, apitie mlango wa nyuma.

Alipokuwa anaondoka, aliwakuta mama na mwana kwenye kona ya banda la pili. Mama amekaa juu ya ndoo, ana ndizi tupu mkononi safari hii, bila ukungu, na tausi wamemzunguka wakila kiganjani mwake kwa adabu. Daktari alisimama pembeni. Alikuwa anajua kila yai la mnyoo lililowahi kutoka matumboni mwao, lakini alikuwa hajawahi kuwalisha. Alinyoosha kiganja chenye kipande cha ndizi. Tausi walimtazama, wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

"Mbona wananikimbia? Mimi ndiye daktari wao."

"Wewe wanakujua," alisema Mama. "Kila ukija unawaokotea mavi yao na kuondoka nayo. Nani atakuamini? Vua kwanza hilo koti."

Daktari aliangalia barabara, ambako gari la wakaguzi lilikuwa linaingia. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye uzio, akachuchumaa kando ya mama yake.

"Haya," alisema. "Nishikeje ndizi?"